Kushusha ukabaji hadi chini ya kidari: anayelindwa ni mbeba mpira au mkabaji?

#1 Fulbeki_Nakuru
Habari zenu wanaraga. Nina hoja. Kila mechi ya shule ninayokwenda kutazama naona jambo lile lile: anayetolewa kwa machela ni yule aliyekwenda kukaba, yaani kumkamata mbeba mpira amwangushe; mbeba mpira anajipangusa vumbi na kuendelea. Halafu sheria zote mpya zinamtetea mbeba mpira.

Januari 2023 chama cha raga cha Uingereza kilitangaza kwamba katika raga ya ridhaa kila mtu akabe kuanzia kiunoni kwenda chini. Wachezaji wakaja juu, chama kikaomba radhi, kikapandisha mstari hadi chini ya kidari, na sheria ikaanza msimu wa 2023/24. Ufaransa walikuwa wameshashuka hadi kiunoni tangu 2019. New Zealand nao wameingia kwenye majaribio ya chini ya kidari kwa timu za mitaani.

Ninavyoona mimi, ukimwinamisha mkabaji unapeleka kichwa chake kwenye magoti na nyonga za mtu wa kilo 100 anayekuja kasi. Nani kakifikiria kichwa hicho?

#2 Refa wa Vumbi
Fulbeki, nusu ya maneno yako ni kweli tupu. World Rugby, shirikisho la raga la dunia, walipitia mechi zaidi ya 1,500 za ngazi ya juu, wakachambua matukio zaidi ya 600 ya wachezaji kutolewa wapimwe kichwa. Robo tatu hivi yalitokea kwenye ukabaji, na katika hayo karibu robo tatu aliyeumia alikuwa mkabaji. Hapo umepatia.

Nusu ya pili ndiyo nakataa. Uchambuzi huohuo ulionyesha mkabaji aliyesimama wima yuko hatarini kuliko aliyeinama. Wawili wakiwa wima, vichwa vyao viko usawa mmoja, na fuvu likikutana na fuvu hakuna mshindi. Mstari ukishuka, vichwa viwili vinaachana. Anayelindwa ni wote.

#3 Dogo wa Arusha
Samahani wakuu, huku kwetu raga ni ya wachache na wengi tumejifunzia kwenye video. Sheria ya kawaida, ile ya Kombe la Dunia, inasemaje hasa? Mstari uko wapi?

#4 Refa wa Vumbi
Mstari ni mabegani, Dogo. Ukigusa juu ya bega ni kosa, hata kama ulianzia kifuani mkono ukateleza kupanda. Kumkumba mtu kwa bega bila kujaribu kumkumbatia ni kosa. Kumnyanyua na kumwangusha akatangulia kichwa au mabega ni kosa kubwa zaidi. Sam Warburton, nahodha wa Wales, alilimwa kadi nyekundu kwa hilo la mwisho katika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2011 dhidi ya Ufaransa, mechi haijafika hata dakika ya 20. Wales walipoteza 9–8.

Tangu Januari 2017 marefa waliagizwa wawe wakali na kichwa, na 2019 tukapewa utaratibu wa hatua kwa hatua: kichwa kimeguswa? Kuna kosa? Hatari ni kubwa au ndogo? Kuna jambo la kumpunguzia adhabu? Huko mitaani tunayapitia yote hayo kwa sekunde mbili, bila video, huku mzazi ananipigia kelele sikioni.

#5 Prop_Mstaafu
Mnabishana urefu wakati ugonjwa ni ufundi. Mimi nafundisha vijana wa miaka 15 na 16. Siku ya kwanza ya kukaba sitoi mpira kabisa. Nachukua chaki, natia alama kwenye kaptula ya mbeba mpira, pembeni ya nyonga nyuma ya mfuko. Mkabaji anaambiwa: shavu lako liache chapa hapo. Wanakwenda wote wawili kwa magoti kwanza, kisha kwa kutembea, kisha nusu mbio. Jioni nakagua nyuso. Mwenye chaki shavuni kapatia. Mwenye chaki kwenye kipaji cha uso ametanguliza utosi, na huyo harudi kwenye mbio mpaka aache.

Kosa linalowavunja watoto ni kuweka kichwa upande wa mbele wa mwili wa mwenzake. Akikukaba kutoka kulia na kichwa chake kikapita mbele ya mapaja yako, goti lako linalofuata linampata karibu na sikio, na mkianguka unaangukia shingo yake. Hilo hutokea kiunoni, hutokea kidarini, hutokea popote. Mstari hauliponyi. Wengi wanaliacha bega moja halijui kazi kabisa: kijana anakaba vizuri kwa bega la kulia, akiendewa upande wa kushoto anageuza mwili mzima ili atumie lile analolijua, na kichwa kinaingia mahali pabaya.

#6 Chui wa Ngong
#2, takwimu zako nimezisoma, lakini hujamaliza hadithi. Uingereza walishajaribu jambo hili kwa wachezaji wa kulipwa. Msimu wa 2018/19, kwenye kombe la ligi yao ya daraja la pili, mstari ulishushwa kutoka mabegani hadi kwapani. Januari 2019 wakalisitisha jaribio kabla halijaisha kwa sababu mitikisiko ya ubongo iliongezeka. Ukabaji wa juu ulipungua kweli, lakini vichwa vya wakabaji vikaumia zaidi. Fulbeki yuko sahihi.

#7 Refa wa Vumbi
Nalijua jaribio hilo, Chui. Ongeza na sababu waliyoitaja wenyewe: matatizo mengi yalitokea pale mbeba mpira naye alipoinama, hasa karibu na kundi la wachezaji wanaogombea mpira chini, mtu anapouokota na kujitumbukiza mita moja. Mkabaji kainama, mbeba mpira kainama, mmerudi palepale kichwa kwa kichwa, tofauti ni kwamba sasa mko chini.

#8 Mkufunzi_Leeds
Salaam kutoka baridini. Nasaidia kufundisha vijana wa chini ya miaka 14 huku, kwa hiyo sheria ya kidari naiishi kila Jumapili.

Jambo ambalo #1 hakulitaja: huku mbeba mpira naye alipewa wajibu. Haruhusiwi kujishusha ghafla dakika ya mwisho akiwa anagongana na mkabaji. Akiinama kwa kuchelewa, kosa ni lake. Hiyo ndiyo dawa ya tatizo alilolitaja Refa hapo #7, ingawa waamuzi hawalitazami kwa macho yaleyale. Mmoja anapuliza, mwingine anaacha.

Watoto walizoea haraka. Waliopata shida ni baba zao wa timu ya wakongwe, wamekaba kifuani miaka yote, sasa wanapulizwa filimbi mpaka wanakata tamaa. Na mpira unatoka zaidi kwenye mikono, maana ukikabwa chini mikono yako iko huru. Trai, yaani kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, zimeongezeka hadi nasahau kuziandika.

#9 Prop_Mstaafu
Mikono kuwa huru ndiyo sababu wakubwa wanakaba juu, #8. Anayekaba kifuani anataka kuufungia mpira usitoke. Mmoja anaingia miguuni, wa pili anaingia kifuani kuubana mpira, huyo wa pili ndiye mwenye kadi. Ufaransa walilielewa hilo, wakakataza wawili kumkaba mtu mmoja kwa pamoja katika raga ya ridhaa. Na hawakuamka tu wakaamua: mwaka 2018 walizika wachezaji vijana kadhaa. Louis Fajfrowski wa Aurillac alikuwa na miaka 21, alikabwa kifuani kwenye mechi ya kirafiki ya Agosti, akafia chumba cha kubadilishia nguo. Nicolas Chauvin wa Stade Français alikuwa na miaka 18, alikabwa na wawili, shingo ikavunjika.

#10 Binti_Hooker
Asante Prop kwa chaki, nitaiiba.

Naleta upande ambao haujatajwa: shingo. Wasichana wengi tunaingia raga tukiwa na miaka 18 au 20, chuoni, hatujawahi kuanguka tangu utotoni. Wavulana wamebirua wenzao mchangani tangu darasa la pili. Mimi nilikuwa najua kukaba kabla sijajua kuanguka, na nilikuwa naumia kila nikienda nyuma: kisogo kinapiga chini kwa sababu shingo haikishikilii. Kocha aliyenisaidia alinifundisha kukunja kidevu kifuani na kufanya mazoezi ya shingo kabla ya kila kikao, mwenzako anakusukuma kichwa kwa kiganja nawe unakataa, pande zote nne.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini mkabaji anaumia, mimi jibu langu ni shingo dhaifu. Mstari uweke popote.

#11 Soka ni Dini
Nyie watu wa raga mna mambo. Kwetu soka tulimaliza zamani: 1998 FIFA walipiga marufuku kukaba kwa nyuma, basi. Marco van Basten kifundo cha mguu kilimstaafisha akiwa na miaka 30 kwa sababu ya mabeki waliokuwa wanafyeka watu kutoka nyuma. Sasa hivi ukimpiga mtu ngwala ya nyuma ni nyekundu, hakuna majadiliano. Nyie mnapima kidari na kwapa kama mafundi cherehani.

#12 Mwalimu wa Michezo
#11 karibu, lakini weka sawa. Hawakupiga marufuku kukaba kwa nyuma. Kilichoandikwa 1998 ni kwamba ukabaji wa nyuma unaohatarisha usalama wa mwenzako uhesabiwe rafu mbaya, yaani nyekundu. Beki akiuchukua mpira safi kutoka nyuma bado ni halali. Leo sheria haitazami hata upande uliotokea. Inatazama kama ulikosa uangalifu, kama hukujali hatari, au kama ulitumia nguvu kupita kiasi: faulo, njano, nyekundu. Ni mzani uleule anaoutumia Refa hapo #4.

Nirudi kwenye mada. Mimi ni mwalimu na ninapeleka timu ya shule uwanjani. Mnataja kila kitu isipokuwa ardhi. Raga ya wachezaji kumi na tano kila upande shuleni tumeizoea muhula wa kwanza, Januari hadi Machi, jua linawaka, nyasi zimekauka, katikati ya uwanja ni udongo uliopigwa ukawa sakafu. Kijana anakaba kwa ufundi wote wa chaki, bega limeingia, kichwa kiko nyuma, halafu wote wawili wanaanguka na kisogo chake kinapiga chini. Kule Leeds anaanguka kwenye tope. Sheria ya kidari imepimwa kwenye tope.

#13 Chui wa Ngong
Mwalimu, hiyo ya ardhi nakubali asilimia mia. Tungemwagia viwanja maji kabla ya mechi tungeokoa wengi kuliko kushusha mstari.

#14 Nesi_Likoni
Nimesoma yote na hakuna aliyesema kinachotokea baada ya kugongwa, ndipo tunapowapoteza.

Wengi wanadhani mtikisiko wa ubongo ni lazima uzimie. Wengi hawazimii kabisa. Mtoto anasimama, anacheza, ila anauliza matokeo mara tatu, au anakwenda upande wa wapinzani kwenye lainauti, pale mpira unaporushwa ndani kutoka pembeni. Nimemwona mmoja akimwagiwa maji kichwani, akapigwa makofi mashavuni, akaulizwa "uko sawa?" Akajibu ndiyo, akarudishwa. Bila shaka atajibu ndiyo. Ana miaka 16 na rafiki zake wanatazama.

Mwaka 2011 kule Ireland Kaskazini mvulana wa miaka 14 alifariki baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya shule na kuachwa aendelee. Ubongo uliokwisha kutikiswa ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla. Baba yake alipigania jambo hili mpaka likaingia katika miongozo ya kule: ukishuku, mtoe. Harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Uingereza kwa michezo ya ridhaa wanasema asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na siku chache za mwanzo apumzike.

Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia asiamshike, mboni za macho zikitofautiana, au mkono ukifa ganzi: hospitali, sasa hivi, usisubiri fainali iishe. Na akilalamikia shingo asinyanyuliwe kwa mikono na mguu kama gunia.

#15 Fulbeki_Nakuru
Asante Nesi. Hiyo ya kuuliza matokeo mara tatu nimeiona kwa macho yangu na tukacheka. Hakuna aliyekuwa anajua.

Refa, nakurudia wewe na mzani wako. Fainali ya Kombe la Dunia 2023, Paris. Sam Cane wa New Zealand bega kwa kichwa cha Jesse Kriel wa Afrika Kusini: njano, ikapelekwa kwa wakaguzi wa video, ikarudi nyekundu. Siya Kolisi wa Afrika Kusini kichwa kwa kichwa na Ardie Savea wa New Zealand: njano, ikapelekwa, ikabaki njano. Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Nifafanulie tofauti, maana mtoto wangu aliniuliza nikashindwa.

#16 Refa wa Vumbi
Cane alikuwa wima, alikuwa na nafasi ya kumwona Kriel, hakushuka, na kilichogusa kichwa kilikuwa bega zito la moja kwa moja. Kolisi alikuwa ameanza kuinama na mgongano wenyewe ulionekana hauna nguvu ileile. Hatari kubwa na hatari ndogo. Unaweza kupinga jibu, lakini swali waliloulizwa lilikuwa moja.

#17 Chui wa Ngong
Alikuwa ameinama na bado kichwa kiligonga kichwa. Umenijibia mwenyewe hoja ya #6.

#18 Refa wa Vumbi
Na Savea alitoka uwanjani? Aliendelea kucheza. Ndiyo maana ya hatari ndogo.

#19 Mbongo wa Minnesota
Wakuu, huku Marekani kwenye futiboli yao ya kofia ngumu vita ni hiihii, nguo tofauti. Walidhani kofia ngumu ingemaliza kazi. Kofia inazuia fuvu kupasuka, ila ubongo ndani unaendelea kutikisika, na mchezaji akijiona ana ngao anatanguliza utosi kama fahali. Daktari Bennet Omalu, Mnigeria, ndiye aliyeukagua ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji mstaafu wa futiboli hiyo, mwaka 2002 na kuonyesha uharibifu uliotokana na kugongwa miaka nenda miaka rudi. Ligi ilimpinga, mwisho ikalipa wachezaji wastaafu fedha zinazozidi dola bilioni moja.

Tangu 2018 kuinamisha kofia na kumgonga mwenzako ni faulo. Na 2024 wakakataza aina moja ya ukabaji: unamshika mtu kiunoni kutoka nyuma au pembeni, unajizungusha, unaning'iniza uzito wako wote, unamwangukia kwenye miguu. Kifundo kinabaki chini, mwili unazunguka. Adhabu ni kurudishwa yadi 15.

Kocha Pete Carroll wa Seattle alitoa video mwaka 2014 akiwafundisha Wamarekani kukaba kama watu wa raga, bega kwenye paja, kichwa nje. Wao wanajifunza kwenu.

#20 Mkufunzi_Leeds
Na sisi wa raga tuna wetu wanaoumwa. Steve Thompson, hooker (mchezaji wa katikati wa safu ya mbele) wa Uingereza aliyetwaa Kombe la Dunia 2003, alisema mwaka 2020 kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na hakumbuki kushinda lile kombe. Alikuwa na miaka 42. Yeye na wenzake wamezishtaki World Rugby na vyama vya Uingereza na Wales. Hooker kama yeye hakuumizwa na kukabwa juu peke yake. Kuna skramu, yaani kusukumana kwa wachezaji wa mbele, wanayoifanyia mazoezi kwenye mashine, na mazoezi ya kugongana wiki nzima.

Hapo ndipo ningeweka nguvu: mazoezi. Tangu 2021 World Rugby wanashauri wachezaji wa kulipwa wasigongane kwa nguvu zote zaidi ya dakika 15 kwa wiki. Kumi na tano! Kuna timu za shule zinazogongana saa nzima kila jioni kwa sababu kocha anataka "kuwakomaza".

#21 Prop_Mstaafu
#20, dakika 15 ni za watu wanaojua kukaba tayari. Mtoto asiyejua, ukimpa dakika 15 kwa wiki, Jumamosi atajifunzia kwenye mechi, kwa mtu anayetaka kumpita. Kwangu wanakaba kila siku, polepole, kwa magoti. Hakuna kugongana hapo.

#22 Mama Tunu
Naomba kuuliza, mimi si mwanaraga. Kijana wangu yuko kidato cha pili, amechaguliwa timu. Anataka nimnunulie kofia ile laini ya kufunga kidevuni, ni ghali. Itamlinda?

#23 Nesi_Likoni
Itamlinda masikio yasivimbe na ngozi ya kichwa isichanike, mama. Ubongo haiulindi. Fedha hizo mnunulie kwanza kinga ya meno inayomkaa vizuri, halafu nenda mwenyewe kamuulize kocha nani anaamua mtoto kutolewa akigongwa kichwa. Kocha akisema "mtoto mwenyewe atasema", mtafutie mchezo mwingine.

#24 Binti_Hooker
Na muulize wanafanya mazoezi ya shingo.

#25 Mwalimu wa Michezo
Na aangalie uzito wa wanaokabana. Mashindano yetu yanapanga kwa umri au kidato tu. Kidato cha pili kuna mtoto wa kilo 45 na mwenzake wa kilo 90 mwenye ndevu. New Zealand wana madaraja ya uzito kwa vijana, na kwa watu wazima wana kombe la klabu la wasiozidi kilo 85. Mtoto wa kilo 45 hawezi kumkaba yule wa 90 kifuani hata akitaka. Anajirusha miguuni na kichwa kinaingia kwenye magoti.

#26 Fulbeki_Nakuru
Mwalimu, ndicho nilichosema #1!

#27 Refa wa Vumbi
Hapana, Fulbeki. Wewe ulisema sheria ndiyo inamwinamisha. Mwalimu anasema uzito ndio unamwinamisha, sheria iwepo isiwepo. Huyo wa kilo 45 anakaba magoti leo hii, na mstari wetu uko mabegani.

#28 Dogo wa Arusha
Wakuu, sisi mara nyingi tunacheza ile raga ya wachezaji saba kila upande. Uwanja ni mkubwa, unamfukuza mtu peke yako, mara nyingi unamkaba kwa nyuma au unamgusa tu vifundo aanguke. Haya ya kidari yanatuhusu?

#29 Chui wa Ngong
Yanakuhusu zaidi, Dogo. Kwenye ya saba anayekujia amepata mita 30 za kuchanganya mwendo kabla hajakufikia. Kasi ndiyo inayovunja watu, na hakuna aliyeitaja tangu #1.

#30 Prop_Mstaafu
Kasi bila kichwa kuwa mbele haivunji mtu. Dogo, niambie timu yenu ina watu wangapi wanaoweza kukaba kwa bega la kushoto.